Nimekwenda Butiama mara tatu, sikuiona

Haya wadau, nimerudi. Nilipotea hapa kama wiki mbili na nusu hivi, na kuna watu wameniandikia wakidhani nimefukuzwa kazi. Bado nipo. Nilichukua likizo yangu ya Juni nikaenda kutalii. Zanzibar sikwenda, Dubai ndiyo kabisa, mshahara wa gazeti mnaujua. Nilikwenda Mara. Bunda, Butiama na Musoma, siku nne, polepole, na mtu wa kutuongoza tuliyemlipa wenyewe.

Najua kuna wanaocheka. Mwenzangu mmoja ofisini aliniuliza kama nimefiwa.

Ngoja niwaambie kilichonipeleka. Butiama nimeshatumwa na gazeti mara tatu, zote 14 Oktoba. Unaondoka Mwanza usiku wa manane mmebanana kwenye gari, unafika umevimba macho, unasimama nyuma ya hema. Viongozi wanaweka maua kaburini, wanazungumza kuhusu uadilifu, mnagombania nafasi ya kupiga picha. Kisha unakimbilia kona yenye mtandao ili habari iwahi kabla ukurasa haujafungwa, na saa kumi jioni mko barabarani kurudi. Ukizichukua habari zangu hizo tatu ukafuta jina la mgeni rasmi, huwezi kujua ipi ni ya mwaka gani. Mimi mwenyewe nilijaribu nikashindwa.

La pili linaniuma zaidi. Mama yangu ni Mwikizu wa Nyamuswa, wilaya ya Bunda. Mimi nimezaliwa na kukulia Dar, na kwa bibi nilikwenda kwenye misiba miwili tu, ile ya kufika usiku, kuzika na kugeuza. Mtu akiniuliza kwetu wapi najibu "Mara" kwa kujigamba, halafu naomba Mungu asiulize swali la pili.

Basi tulichangishana, mimi na rafiki zangu wawili niliosoma nao chuo, mmoja yupo benki na mwingine ni injinia. Tukakodi gari na dereva, tukatafutiwa na mjomba wangu mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, atuongoze. (Tabu ndogo: kila tulipomtaja "Mwalimu" aliitika, ikabidi tukubaliane yule wa Butiama tumwite Mwalimu na yeye tumwite Mzee.) Sharti lake lilikuwa moja. Hatutapanga saa.

Kituo chetu cha kwanza hakikuwa na maajabu: geti la Ndabaka, kabla hujafika Bunda ukitokea Mwanza. Hatukuingia. Tulikaa ng'ambo ya barabara tukinywa soda, tukiangalia magari ya watalii yakiingia na kutoka. Juni ndiyo majira ambayo nyumbu wanakuwa upande huu wa magharibi, kwenye mto Grumeti, kwa hiyo magari yalikuwapo. Mzee alituambia tuangalie jambo moja tu: ni gari gani litasimama. Hakuna lililosimama. Vioo juu, wageni na maboksi yao ya chakula cha mchana mapajani, vumbi, basi.

Wengi hawajui kwamba baadhi ya wageni hao wanatoka Masai Mara, Kenya. Njia ya moja kwa moja ya mpakani, ile ya Bologonja, ilifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na mpaka leo watalii hawapiti pale. Anayetaka kutoka Masai Mara kwenda Serengeti kwa gari analazimika kuzunguka kwa Isebania na Sirari. Na akija kuingilia Ndabaka, anakata Tarime, anapita Makutano, anapita Bunda. Yaani anapita kilometa chache tu kutoka kaburi la mtu aliyeiongoza nchi hii tangu uhuru mpaka 1985, na hakuna anayemwambia. Hahitaji kubadilisha njia, anahitaji kukunja kona.

Kutoka Bunda mjini tulielekea Nyamuswa. Njiani kuna mlima unaitwa Chamuriho. Nimeuona kwenye misiba yote miwili na sikuwahi kuuliza jina. Mzee alimsimamisha dereva, tukashuka, tukakaa kwenye kivuli karibu saa nzima akitusimulia habari za Nyakinywa, mwanamke aliyetoka upande wa Kanadi akiwa na uwezo wa kuleta mvua, akamkuta huku Isamongo, mwindaji mwenye moto. Mwenye mvua na mwenye moto wakapimana nguvu, mwisho wakakubaliana kukaa pamoja, na hapo ndipo Waikizu wanapohesabia mwanzo wao. Mama hakuwahi kunisimulia. Nilimpigia simu palepale, akacheka, akasema, "Wewe uliniuliza lini?"

Mwanahistoria Mmarekani, Jan Bender Shetler, alikaa na wazee wa Mara miaka ya tisini akiokota simulizi za namna hii, na mwaka 2007 akatoa kitabu, Imagining Serengeti. Anachoonyesha ni kwamba pori tunalouza kwa wageni kama nyika isiyowahi kukanyagwa na mtu lina majina, lina makaburi, lina mahame ya Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme, Waikizu na Watatoga. Mgeni anayesoma kitabu hicho kule kwao anaijua nchi ya mama yangu kuliko mimi. Hilo halinifurahishi hata kidogo.

Usiku tulilala Hunyari kwa mjomba. Niseme tulilala, lakini hatukulala. Mahindi na mtama vilikuwa vinakaribia kuvunwa na shamba lake liko upande wa hifadhi, kwa hiyo wanaume walikuwa wanakesha. Madebe ya kupiga, tochi, kamba zilizopakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili. Kama saa nane usiku kelele zilianzia mashamba ya jirani, madebe yakalia mstari mzima wa kijiji. Sisi watatu wenye digrii tulisimama nyuma ya mjomba tukiwa tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Tembo tuliwasikia tu, wakivunja mabua. Asubuhi tulikwenda kuona. Kwa jirani lilibaki vumbi na nyayo.

Mjomba alinitazama akaniuliza, bila hasira: "Wewe mwandishi, hao wanaopita pale Ndabaka kuwatazama tembo, wanajua kwamba usiku hao tembo wako huku?"

Sikuwa na jibu. Serikali ina utaratibu wake wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa, na majina hayo yenyewe yanakuambia ukubwa wa fungu: si fidia, ni kitambaa. Simo miongoni mwa wanaotaka hifadhi ifutwe. Serengeti ipo tangu 1951 na naitaka iwepo. Ila nasema kijiji kinachomlisha tembo mahindi yake kina haki ya kuuza hata chai kwa yule aliyevuka bahari kuja kumwona huyo tembo. Na chai haiuziki kwa gari lisilosimama.

Tulifika Butiama siku ya kawaida katikati ya wiki, hakuna hema, hakuna king'ora. Kwa mara ya kwanza nikasikia ndege. Pale nyumbani kwa Mwalimu panaitwa Mwitongo, na Mzee akatueleza kwamba kwa Kizanaki mwitongo ni mahame, mahali ambapo watu waliishi zamani. Mara tatu nimeandika neno hilo gazetini kama jina la kitongoji, basi. Kuna mawe makubwa, na pimbi wanaota jua juu yake bila wasiwasi wowote. Kaburi la Mwalimu liko hapohapo nyumbani, karibu na ya wazazi wake, Mtemi Nyerere Burito na Mama Mugaya. Siku za sherehe huyaoni hayo mengine, watu wamesimama mbele yake.

Kuna nyumba ambayo alijengewa na jeshi, akakaa humo muda mfupi sana kabla ya kwenda London kutibiwa mwaka 1999, akarudi ndani ya jeneza. Kuna makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka huohuo. Tulikaa humo mpaka injinia akaanza kulalamika njaa. Lakini nilichokichukua sikukipata kwenye makumbusho, nilikipata nje, kwa kukaa. Mzee alitusimulia kwamba Mtemi Ihunyo, rafiki wa Burito, ndiye aliyeona namna kijana Kambarage anavyocheza bao, akasema mtoto huyu apelekwe shule. Akaanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Kisha Mzee akatuangalia akauliza, "Mnajua kutoka hapa mpaka Mwisenge ni umbali gani?"

Ni karibu kilometa 40. Yeye alikwenda kwa miguu.

Mzee akamwambia dereva atangulie, sisi tutamfuata. Wadau, tulitembea saa moja na nusu tu, asubuhi yenye ubaridi, na viatu vya maana, na jamaa wa benki akaanza kuuliza gari limesimama wapi. Nimesoma Tabora ya Mwalimu, Makerere ya Mwalimu, Edinburgh ya Mwalimu, nikafaulu mitihani. Hiyo saa moja na nusu ilinifundisha zaidi, na hakuna msafara wa viongozi utakaonipa, kwa sababu msafara hauwezi kutembea kwa miguu.

Musoma nitaipitia haraka, ingawa haistahili. Tulikwenda Mwisenge, shule bado ipo na watoto walikuwa mapumziko. Jioni tulikaa Mwigobero kuangalia kivuko kikitoka kwenda Kinesi, halafu tukala sato na ugali wa muhogo mpaka tukashindwa kuongea. Mji umetulia mno, ziwa liko pande tatu. Nilimuuliza wa benki kama anajua Azimio la Musoma, akadhani ni la miaka hii. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa katika mji huu ikaamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, badala ya kungoja 1989. Ikaamua pia kwamba anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Bibi na babu zenu wengi walioingia darasani wakati ule waliingizwa na kikao hicho. Ukubwa wa darasa na uhaba wa walimu nao vilitoka humohumo, Mzee alikuwapo, alifundisha watoto wamekaa chini ya mwembe. Yeye halisifu wala halitukani. Anasema, "Tulikuwa na haraka."

Sasa najua hoja mtakazonitupia. Kwamba wageni hawataki historia, wanataka simba. Nilimpigia mtu wa kampuni moja ya utalii ya Arusha kumuuliza, akaniambia Butiama "haiuziki", labda nusu saa ya kuchimba dawa. Lakini ameijaribu lini? Kinachouzwa kwa nusu saa hakiwezi kuuzika, maana kwa nusu saa nami niliiona si kitu, mara tatu. Simba hahitaji msimulizi. Mwitongo na Chamuriho bila mtu wa kusimulia ni mawe. Kwa hiyo bidhaa yenyewe ni Mzee, na watu kama Mzee wanakufa huku vijana wao wakienda kuendesha bodaboda Bunda mjini kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kuyajua majina ya milima ni kazi inayolipa.

Na msiwasubiri wazungu. Wangapi kati yetu tunachanga laki kadhaa kwa wikendi moja ya Nungwi? Sisi watatu, kwa siku nne, gari, mafuta, malazi, chakula na Mzee, kila mmoja alitoa chini ya anachotumia kwenye harusi mbili za marafiki. Sehemu kubwa ililiwa na gari.

Siku ya mwisho nilimuuliza Mzee tunamdai au anatudai kiasi gani, maana hakuwahi kutaja bei. Akafikiri, akataja. Nikadhani ni kwa siku moja. Akasema hapana, mwanangu, ni kwa zote. Ilikuwa pungufu ya posho niliyowekewa kwenye bahasha Oktoba iliyopita kwa kusimama nyuma ya hema saa tatu. Tulimwongezea, akakataa, akapokea baada ya mjomba kuingilia kati, lakini jambo hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Mhariri ameshanipanga tena 14 Oktoba. Nimemwomba nitangulie siku mbili kabla, kwa gharama zangu, nilale Butiama na Mzee aje. Hajajibu.