Mficha Uchi Hazai: Tuufahamu Mji wa Mimba



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Mama zetu na binti zetu, miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja baada ya swala ya Alasiri, amefuatana na shangazi yake. Aliuliza kwa sauti ya chini, na pale alipokwama shangazi alimsemea. Damu ilikuwa ikimtoka zaidi ya siku 20 kila mwezi, na kwa nusu mwaka alikuwa akiiacha swala siku zote hizo. Nilimweleza hukumu ya istihadha kama tulivyosomeshwa chuoni, akashukuru, akaenda zake. Baada ya miezi miwili nikasikia ameanguka jikoni, akapelekwa hospitali akaongezwa damu. Daktari alimkuta na uvimbe katika kizazi, ule uitwao faibroidi. Hukumu niliyompa ilikuwa sahihi, lakini sikumwambia neno moja: nenda ukatazamwe. Tangu siku ile sijibu suala la damu bila ya kuuliza la afya.

Leo basi, kwa heshima zote, tuutazame mwili wa mwanamke jinsi Mola alivyouumba. Asiyezoea maneno haya asikunje uso. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na wahenga wetu walisema, mficha uchi hazai.

Kizazi, au mji wa mimba kama wasemavyo mabibi zetu, kimo ndani ya nyonga, nyuma ya kibofu cha mkojo. Kwa asiye na mimba hakizidi ukubwa wa ngumi yake. Kuta zake ni msuli mnene, ambao hutanuka kumbeba mtoto kwa miezi tisa, kisha hukaza wakati wa uchungu ili kumsukuma atoke. Chini yake pana shingo nyembamba, nao ndio mlango wa kizazi, unaofungukia ukeni. Njia ya mkojo ni tundu jingine, liko mbele ya uke, na wapo wasichana wengi wasiolijua hilo. Juu, kulia na kushoto, imetoka mirija miwili ya uzazi, kila mmoja yapata sentimita 10. Na penye ncha za mirija hiyo vipo vifuko viwili vya mayai, kila kimoja mfano wa lozi. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, yakadiriwayo kuwa milioni 1 hadi 2, na katika umri wake hukomaa na kutoka yapata 400 tu.

Kila mwezi vichocheo vya mwili huliivisha yai moja, na wakati huo huo utando wa ndani ya kizazi hunenepa, kama mwenye nyumba atandikaye kitanda kumngojea mgeni. Yai likitoka hudakwa na mrija, wala haliishi zaidi ya siku moja. Likikutana humo na mbegu ya mume, mimba hutunga, na baada ya siku chache hushuka kujishikiza kwenye utando. Mgeni asipofika, kitanda hutandukwa: utando hubanduka, ukatoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Si adhabu wala si ila, ni ada ya mwili ulio mzima.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, uchache wa hedhi ni mchana na usiku wake, ghalibu yake ni siku 6 au 7, na wingi wake ni siku 15. Fatima binti Abi Hubaysh alipomshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba damu haimkatiki, alimfahamisha kuwa ile ni ya mshipa, si hedhi, aache swala kwa siku za hedhi yake tu, kisha aoge na aswali. Mwenye istihadha hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha kila unapoingia wakati wa fardhi, na huswali na kufunga.

Hapa pana jambo nililochelewa kulifahamu. Mipaka ya fiqhi ni ya ibada. Damu ya siku 12 yaweza kuwa hedhi kwa sharia, na bado ikawa dalili ya maradhi. Mwende kwa daktari ikiwa damu yazidi siku 7 kila mwezi. Ikiwa yalowesha pedi nzima kwa saa moja au mbili. Ikitoka na mabonge makubwa, au ikija baina ya hedhi mbili, au baada ya tendo la ndoa. Aliyekwisha koma hedhi kwa mwaka mzima, akiona hata tone, asingoje, kwani huenda ikawa saratani ya kizazi au ya mlango wake. Na mja mzito aonaye damu aende siku ile ile.

Nanyi waume, mke anayevuja damu kwa wiki tatu msimwambie amepatwa na husuda, mkampeleka kwa waganga huku rangi yake ikififia. Mpelekeni hospitali, na dua ziendelee.

Enyi mama, zamani binti alikuwa na somo wa kumfunza. Majumba mengi leo hayana somo, na kazi hiyo ni yenu. Mwambieni binti kabla hajavunja ungo, asije akaiona damu akadhani anakufa. Mpeni daftari aandike siku inapoanza na inapokatika. Litamfaa kwa swala yake, na litamfaa mbele ya daktari.

Yule mama alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, na alhamdulillah ni mzima. Swala zilizompita alizilipa kidogo kidogo. Mwezi uliopita alikuja tena na binti yake wa miaka 11, na safari hii aliuliza kwa sauti ya kusikika.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.