Fundi achague vifaa kwa mizani, si kwa ‘asante’ ya duka

Nataka nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wananchi wengi wamekuwa wakililalamikia, yaani mafundi ujenzi na vifaa wanavyowachagulia wenye nyumba. Wengi husema mafundi ni wezi wa saruji. Mimi ni fundi mwashi, nilianza kubeba zege mwaka 1983 nikiwa kijana, wala sikuja hapa kuwatetea wenzangu. Nataka kueleza wizi mkubwa kuliko ule wa kuficha nusu mfuko vichakani, kwa sababu huu hufanyika mchana, dukani, mwenye nyumba akiwa amesimama pale pale.

Nilipoanza kazi hii hatukuwa na la kuchagua. Saruji ilitoka kwa kibali, na ukiipata hukuuliza imetengenezwa wapi. Leo hali ni tofauti kabisa. Viwanda vimeongezeka na maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa kila barabara. Kwa hiyo kuchagua nako kumekuwa kazi, na kazi hiyo mwenye nyumba humwachia fundi akiamini kwamba fundi ndiye anayejua.

Ni kweli fundi anajua, lakini hebu tuulize anachagua kwa kufuata nini. Yapo maduka tunayoyapenda kwa sababu nzuri: hukopesha kazi isisimame, yana gari la kufikisha mzigo, na hukubali kurudishiwa vitu vilivyobaki. Hayo hayana ubaya. Lakini yapo mengine tunayoyapenda kwa sababu ya ‘asante’. Kila mfuko na kila nondo vina kiasi chake cha fundi, nacho hutolewa jioni, mwenye nyumba akishaondoka. Fedha hiyo haitoki mfukoni mwa mwenye duka. Ama imeongezwa katika bei, ama imepunguzwa katika kitu chenyewe.

Nami nimeipokea asante hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2014 nilimjengea nyumba mama mmoja mwalimu mstaafu, aliyewafundisha wanangu wawili. Fedha yake ilikuwa ya kiinua mgongo, na hakuwa na nyingine. Nikampeleka duka ninalolijua. Nondo za milimita 12 zilipopakuliwa nilibeba chache begani, na bega langu likaniambia kwamba ni nyepesi. Nilinyamaza, kwa kuwa jioni ile nilikuwa na fedha za duka mfukoni.

Mwaka uliofuata boriti ya zege inayobeba paa la baraza ikapasuka katikati na kuanza kulegea. Vipande vya nondo vilivyobaki vilikuwa bado vimeegemea ukutani. Nikaazima mizani ya kupimia mahindi kwa jirani, nikapima. Kwa hesabu ya urefu wa mita 12, nondo ile ilikuwa na kilo 8 na kitu kidogo. Nondo halali ya milimita 12 yenye urefu huo ina kilo 10 na nusu na ushei. Maana yake katika kila nondo nne alizolipia, yule mama alipata chuma cha nondo tatu.

Nilirudi dukani, wakaniambia nondo hazikuwa zao. Nikamweleza mama ukweli wote, pamoja na asante niliyoipokea. Hakunigombeza. Alisema tu, “Fundi, mimi sijui nondo. Nilikuwa nakujua wewe.” Boriti ile niliivunja na kuijenga upya kwa nguvu zangu na kwa fedha yangu, lakini nyumba nzima sikuweza kuivunja, na zile nyingine nilizojenga kwa nondo za duka lile sijui zitakuwaje.

Ndugu Mhariri, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024, nchi nzima ilizungumza habari za makandarasi, wahandisi na vibali. Ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini wengi wetu hatukai katika maghorofa. Tunalala katika nyumba za chini zilizojengwa na fundi wa mtaani kama mimi, ambako hakuna mhandisi wala mkaguzi, na ukaguzi pekee ni dhamiri ya fundi siku anapoingia dukani.

Kwa sababu hiyo napenda kuwaeleza wananchi mambo machache ambayo fundi wa asante hatawaambia.

Kwanza, nondo isinunuliwe kwa jina. Pimeni urefu wake, kisha ipandisheni kwenye mizani. Ya milimita 10 yenye mita 12 ina kilo 7 na nukta 4, na ya milimita 16 ni karibu kilo 19. Viwango huruhusu tofauti ndogo, lakini si kilo mbili. Mwenye duka akikataa kupima, amekwisha kuwajibu.

Pili, saruji isichaguliwe kwa mnyama aliyechorwa kwenye mfuko. Watu hubishana juu ya Twiga, Simba, Tembo na Nyati kama wanavyobishana juu ya timu za mpira, wala hawasomi namba iliyoandikwa pembeni. Namba hiyo, 32.5 au 42.5, inaonyesha nguvu ya saruji ikishakaa siku 28, na kiwanda kimoja huweza kutoa aina zote mbili. Ya 32.5 yatosha kwa kujengea tofali na kupiga plasta. Kwa zege la nguzo, boriti na dari la ghorofa, tafuteni ya 42.5. Tena tazameni mifuko imewekwaje: ikiwa imelazwa juu ya sakafu yenye unyevu na ndani mna mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, nguvu yake imekwisha pungua hata kama ni ya namba kubwa.

Tatu, kwa mabati, geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Nimewaona wenye nyumba wakiuziwa 32 wakidhani wameongezewa.

Nne, tofali za saruji zisinunuliwe kwa urahisi wa bei peke yake. Anayeuza kwa bei ya chini kuliko wenzake wote ameongeza idadi ya tofali katika mfuko mmoja wa saruji. Kwaruzeni tofali kwa msumari; likitoka unga kama mkate mkavu, liacheni. Muulizeni pia alizimwagilia maji kwa siku ngapi. Tofali iliyokaushwa juani siku ileile haipati nguvu, hata kama saruji ilikuwa ya kutosha.

Sasa niseme na wenye nyumba, maana nao wana sehemu yao. Mwenye nyumba hubishana na fundi juu ya ujira mpaka unafika mahali ambapo fundi hawezi kulisha watoto wake, kisha humpa fedha za vifaa na kumwambia, “Nenda kaninunulie, nakuamini.” Hapo amemwonyesha fundi mahali pa kujifidia. Heri kumlipa fundi ujira wake kamili, na siku ya kununua vifaa kumlipa kwa siku hiyo waziwazi, ili asiwe na deni kwa duka lolote. Fundi akishalipwa na duka huwa ni mtumishi wa duka.

Na kwa wahusika serikalini nina ombi moja. Shirika la Viwango Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na alama yake wananchi wanaijua. Wakala wa Vipimo nao tunawaona wakipambana na lumbesa, ambapo mkulima hupunjwa kwa gunia kujazwa kupita kiasi. Mjenzi hupunjwa kinyume chake, kwa kupunguziwa. Naomba taasisi hizi mbili zishirikiane ili kila duka linalouza nondo liwe na mizani iliyohakikiwa, na ukutani pabandikwe karatasi kubwa yenye uzito halali wa kila nondo, kwa Kiswahili, mahali ambapo mnunuzi anaweza kusoma. Jambo hili halina gharama kubwa. Mwenye duka mwaminifu litamfaa, kwa sababu leo yeye ndiye anayekosa wateja: hatoi asante, na nondo zake zenye uzito kamili zinaonekana ghali.

Najua baadhi ya mafundi wenzangu watanikasirikia kwa kutoa siri za kazi. Nawaomba kila mmoja afanye kama nilivyofanya mimi: apite katika mtaa aliokwisha kujenga, azitazame nyumba, akumbuke ni zipi alizozipokelea asante. Kisha ajiulize kama yuko tayari kulala ndani yake msimu wa mvua.

Tangu mwaka 2015 nakwenda dukani na mizani yangu. Maduka mawili yamekwisha niambia nisirudi tena. Lakini yule mwalimu ameniletea kazi za ndugu zake watatu.



Fundi Mwashi,
Kihonda, Morogoro.