Jumba la Kabaila na Daftari la Kodi

Wako watu, na baadhi yao ni wasomi wenye heshima, washikao kwamba utamaduni wa nchi hukaa katika majumba makubwa: katika nguzo za mawe, maktaba za vitabu vya ngozi, na bustani zilizopangwa kwa kamba. Kwao, aliyelichoma jumba la namna hiyo ni adui wa ustaarabu. Hoja hii husemwa sana juu ya Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, ambako mamia ya majumba ya mashambani yaliyokuwa ya makabaila yamebaki magofu. Sisi twaipinga hoja hiyo. Lakini twawapinga vilevile wale wa upande wa pili, wasemao kwamba jumba la mnyonyaji lafaa kubomolewa na kusahauliwa. Makundi yote mawili yana kosa moja: yamelitenga jumba na shamba lililolilisha.

Tuanze na msingi. Mwaka 1641 Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi wa wananchi wa Ayalandi, walimiliki kiasi cha asilimia 59 ya ardhi. Baada ya vita vya Cromwell na Sheria ya mwaka 1652 iliyowapokonya mashamba, sehemu yao ilishuka hata ikawa asilimia 22 mwaka 1688. Na baada ya vita vingine, asilimia 14 tu mwaka 1703. Ardhi hiyo ilikwenda kwa askari, wakopeshaji na wachuuzi wa hati. Mmoja wao alikuwa William Conolly, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, aliyetajirika kwa kununua na kuuza mashamba yaliyopokonywa, kisha akawa Spika wa Bunge la Dublin. Mwaka 1722 alianza kujenga Castletown, jumba linalosifiwa hata leo kuwa miongoni mwa mazuri kupita yote nchini humo. Ni zuri kweli, hatubishi. Lakini uzuri haujengi ukuta; ukuta hujengwa kwa fedha, na fedha ile ilikuwa na asili yake.

Je, jumba lililishwa na nini? Lililishwa na kodi. Mkulima alilima ardhi ambayo babu zake waliimiliki, akauza nafaka na nguruwe ili amlipe kabaila, naye mwenyewe akala viazi vya kipande kidogo kilichobaki. Wengi walikaa bila mkataba wa kudumu; aliyetia mbolea au kujenga ukuta aliweza kupandishiwa kodi kwa sababu ya jasho lake mwenyewe. Makabaila wengi waliishi London au Dublin, wakamwachia msimamizi kazi ya kukusanya. Kufikia miaka ya 1870, familia pungufu ya 800 zilimiliki nusu ya nchi nzima.

Hata ramani ya jumba ilisema mambo hayo. Katika jumba la Strokestown, kaunti ya Roscommon, jiko lilijengwa na roshani kwa juu, ili bibi wa nyumba awasimamie wapishi bila kukanyaga sakafu yao. Chini kulichimbwa njia ya handaki, ili watumishi wapite bila kuonekana na wakubwa. Twawauliza wapenzi wa majumba: utamaduni gani huu unaomficha mpishi wake chini ya ardhi?

Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia, na njaa kuu ikadumu hata mwaka 1852. Kiasi cha watu milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama. Mwaka 1847 Denis Mahon, kabaila wa Strokestown, aliona ni nafuu kuwasafirisha wapangaji kuliko kuwalisha. Karibu watu 1,500 walitembea kwa miguu hadi Dublin, kisha wakapakiwa melini kwenda Kanada. Wengi mno walikufa baharini na katika karantini. Mwezi Novemba mwaka huohuo Mahon aliuawa kwa risasi.

Hapa wapinzani wetu hutujibu kwa jina moja: Coole Park. Wanasema, tazameni jumba la Lady Gregory, kaunti ya Galway, ambamo washairi na watunzi wa tamthilia walikutana, na ambalo bibi wake alikuwa mmoja wa waasisi wa Ukumbi wa Abbey uliofunguliwa mwaka 1904. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bibi yule alijifunza lugha ya Kiayalandi, akaenda katika vibanda vya wakulima na kuandika hadithi zao. Twamheshimu kwa hilo.

Lakini jumba halikuanza naye. Shamba la Coole lilinunuliwa mwaka 1768 na Robert Gregory kwa mali aliyoichuma India katika Kampuni ya Mashariki ya India. Na mwaka 1847, William Gregory, aliyekuja kuwa mume wa bibi huyo, akiwa mbunge huko London, aliingiza kifungu katika sheria ya maskini: mkulima mwenye zaidi ya robo ekari asipewe chakula cha msaada mpaka aiachie ardhi yake. Mwenye njaa alitakiwa achague kati ya shamba na uhai. Maelfu waliacha shamba. Wengine walikataa, wakafa. Jumba lile lile, basi, lilitoa kifungu cha kumfukuza mkulima, na miaka hamsini baadaye likatoa kalamu ya kuandika hadithi zake. Anayesimulia nusu moja na kuificha nyingine, awe rafiki wa jumba au adui wake, hajasimulia historia.

Na nani aliyeuangusha ukabaila? Si moto, bali umoja. Mwaka 1879 kiliundwa Chama cha Ardhi, kikiongozwa na Charles Stewart Parnell, na Michael Davitt, mtoto wa familia iliyofukuzwa shambani, aliyepoteza mkono wake wa kulia kiwandani akiwa mtoto. Mwaka 1880 wakulima wa Mayo walimsusia msimamizi aitwaye Kapteni Boycott: hakuna aliyemvunia wala kumuuzia kitu. Vibarua waliletwa kutoka mbali wakilindwa na askari, na gharama ya ulinzi ikapita mara nyingi thamani ya mavuno. Jina lake likawa neno la Kiingereza la kususia. Sheria zikafuata: ya 1881 ikaidhibiti kodi, ya 1903 ikawakopesha wapangaji fedha za kununua mashamba, ya 1923 ikawalazimisha makabaila waliobaki kuuza. Kodi ilipokatika, jumba likakosa chakula.

Kweli, kati ya mwaka 1920 na 1923 majumba yapatayo 275 yalichomwa katika vita vya uhuru na vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini mengi zaidi yaliuzwa, au yaliezuliwa paa na wenyewe ili kukwepa ushuru. Na moto haukuchagua vema. Mwezi Februari 1923 lilichomwa jumba la Moore Hall, ambalo mwenyewe, wakati wa njaa, aliwalisha wapangaji kwa fedha aliyoshinda katika mbio za farasi. Kosa la ukoo lilikuwa kwamba ndugu yao mmoja alikuwa seneta wa serikali mpya. Mwenge hausomi daftari.

Coole nayo ilibomolewa mwaka 1941, mawe yakauzwa. Nani alifaidika? Si mkulima. Aliyefaidika ni yule aliyetaka kifungu cha robo ekari kisahauliwe. Strokestown, kwa upande mwingine, haikubomolewa. Katika ofisi yake zilipatikana karatasi za usimamizi: orodha za kodi, barua za wapangaji wakiomba chakula, majina ya waliosafirishwa. Mwaka 1994 makumbusho ya njaa yalifunguliwa hapo hapo, katika uwanja wa farasi wa kabaila. Huko ndiko kushinda: kulifanya jumba la bwana litoe ushahidi wa mtwana.

Funzo hili latuhusu. Kwetu nako, huko Bukoba na Karagwe, mkulima wa nyarubanja aliwahi kumlipa mwingine ada kwa ardhi aliyoilima mwenyewe, mpaka sheria za miaka ya 1960 zilipouondoa mfumo huo. Tunayo maboma ya Wajerumani yenye kuta nene. Walimu, mnapowapeleka vijana kuyatazama, msiwaulize tu ni mtindo gani wa ujenzi. Waulizeni nani alibeba mawe, alilipwa nini, na karatasi zake ziko wapi. Nanyi vijana, msilivunje jumba, wala msilisujudie. Ingieni kwa mlango wa jikoni, mdai daftari la kodi, mlisome kwa sauti.