Brashi ya Kioo Iwe Laini

Ndugu msomaji, malori mengi yaendayo Zambia na Kongo hupita Tunduma, mkoani Songwe. Wakati wa kiangazi hufika yamejaa vumbi. Vijana wetu huyaosha na kupata riziki. Je, brashi yako inafaa kwa kioo?

Vumbi lina chembe za mchanga. Chembe nyingi za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Ukisugua kioo kikavu, unakikwaruza. Mikwaruzo haitoki kwa maji wala kwa sabuni. Usiku, taa za gari linalokuja hutawanyika katika mikwaruzo hiyo. Dereva haoni vizuri. Anaweza kumgonga mtu.

Kwa hiyo chagua hivi:

1. Nywele za brashi ziwe laini. Zipitishe shavuni. Zikichoma, hiyo ni brashi ya matairi.

2. Nywele ziwe nyingi na zikaribiane, ili zishike maji.

3. Mpini uwe mrefu na mwepesi. Utafika juu bila kupanda lori.

4. Ukiweza, nunua brashi yenye mpini wa kuunganisha na mpira wa maji. Maji yakitoka kwenye brashi, huondoa mchanga papo hapo.

Mwagia kioo maji kwanza, ndipo usugue. Brashi ikianguka chini, isuuze kabla ya kuendelea. Brashi ya matairi isiguse kioo kamwe.

Ndugu, bei ya brashi nzuri ni ndogo kuliko bei ya kioo. Na uhai wa mtu hauna bei.