Gari la mashindano lililofundisha magari ya familia kusimama

Familia ikinunua gari, maswali ya kwanza huwa ni bei, ulaji wa mafuta na idadi ya viti. Wachache huuliza: likishakimbia, linasimamaje? Swali hilo liliwasumbua mafundi wa kampuni ya Jaguar, mjini Coventry, Uingereza, zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Mwaka 1951 walitengeneza gari la mashindano, C-Type, lenye injini ya silinda 6. Bodi yake ilichorwa na Malcolm Sayer, mhandisi aliyetokea kwenye viwanda vya ndege, ikawa laini na ya mviringo ili ipasue upepo. Mwaka huohuo gari hilo lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa.

Breki zake, hata hivyo, zilikuwa za dramu kama za magari mengine ya wakati ule. Ndani ya dramu, vipande vya breki husugua ukuta wa chuma na joto hubaki humohumo. Dereva akikanyaga mara nyingi mfululizo, breki hulegea, gari likaendelea kwenda.

Jaguar na kampuni ya Dunlop wakajaribu breki za diski: sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, ikibanwa na pedi pande zote mbili. Kwa kuwa iko wazi, upepo huipoza. Katika majaribio, joto lilichemsha mafuta ya breki, yakatoa mapovu, na pedeli ikazama bila breki kushika. Wakarekebisha, wakajaribu tena.

Mwaka 1952, kwa Le Mans, walihangaikia mwendo zaidi. Walibadili umbo la bodi, injini zikachemka, na magari yao yote 3 yakatoka mashindanoni. Mwaka 1953 walirudi na umbo la awali, safari hii na breki za diski. Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, wa kwanza wa kiwango hicho katika historia ya mbio hizo. Aliyeamini breki zake aliweza kuchelewa kuzikanyaga kabla ya kona.

Leo magari mengi ya familia yana diski, angalau kwenye magurudumu ya mbele. Lakini joto ni lilelile. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka mara 4.

Kwa hiyo, mzazi, usisubiri breki zifeli. Pedeli ikiwa laini au ikizama, pedi zikikwaruza, au gari likivuta upande mmoja unapokanyaga, mpelekee fundi kabla ya safari. Mwulize pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini, kwani yakikaa muda mrefu hufyonza unyevu na kuchemka mapema. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, teremka kwa gia ndogo, breki zipumue.

Na kabla hujawasha gari, tazama kiti cha nyuma. Breki nzuri husimamisha gari. Mtoto asiyefungwa mkanda huendelea na mwendo uleule.