Usimwambie daktari una asidi, mwambie chakula inakwama

Wasee, leo hakuna vichekesho. Mnakumbuka ile klipu ya Krismasi, anko wangu akichovya chapo kwa chai mpaka inakaribia kuwa uji? Mlicheka sana. Wengine mkasema anakula kama mtoto wa miezi sita. Mimi ndiye nilishika simu, na mimi ndiye niliandika pale juu "chapo moja, masaa mawili". Nimeifuta, lakini sasa najua nilikuwa narekodi nini. Chapo ilikuwa haipiti.

Anko ana miaka 41, ni fundi wa magari, mtu wa nguvu zake. Katikati ya mwaka jana alianza kukataa nyama. Anko, kukataa choma! Alisema ni mambo ya umri, ameamua kupunguza nyama nyekundu, na sisi tukampongeza. Baadaye akaacha ugali, ati unamjaza gesi. Akahamia wali na supu, halafu viazi vya kuponda, halafu uji. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilisikika poa. Mshipi ulipoishiwa na matundu akatoboa lingine kwa msumari. Mathe akasema ni stresi za kazi.

Shosho alikuja kutoka Ol Kalou mwezi wa Januari. Alimwangalia anko akila mara moja tu, akasema, "Huyu mtoto anaogopa chakula." Meza yote ikanyamaza. Anko akaweka kijiko chini na kusema, pole pole, kwamba kuna mahali hapa kifuani vitu vinasimama. Tangu Julai.

Na si ati hakuwa anatafuta matibabu. Alikuwa anapitia kemisti ya mtaani akitoka kazi: "Nipee ile ya asidi." Anapewa. Chupa ikiisha, ananunua nyingine. Kliniki pia alienda, mara mbili, akaketi na kusema, "Daktari, nina asidi." Akaandikiwa dawa ya asidi. Hakuna aliyemuuliza kama nyama inapita, naye hakusema. Nimewakasirikia hao watu wa kliniki, sitaficha. Lakini enyewe hata mimi hufanya vile anko alifanya. Tunaenda hospitali tukiwa tumebeba jina la ugonjwa tayari, tulilopewa na jirani ama na simu, halafu tunashangaa tukitibiwa lile jina.

Sasa shika hii. Kuumwa ukimeza ni kitu moja. Mara nyingi ni tonsili au homa, na kwa siku chache imeisha. Chakula kukwama ni kitu tofauti. Kikianza na vitu vigumu kama nyama, kikashuka kwa ugali, kikafika kwa uji, maana yake ni njia inaendelea kuwa nyembamba. Hiyo haingojwi miezi. Ukiongeza kupungua kilo, sauti kukwaruza, ama kutapika damu, usingoje hata wiki iishe. Na kama kitu kimekwama hadi mate yako mwenyewe hayapiti, hiyo ni emajensi ya leo, si ya kesho asubuhi.

Si kila kukwama ni saratani, na sitaki mtu apanik kwa sababu yangu. Kuna asidi ya kweli ambayo ikichoma umio kwa miaka inaacha kovu linalobana, na kovu hilo linaweza kupanuliwa. Kuna watu ambao msuli wa chini ya umio unakataa kufunguka, na hao hata maji huwasumbua tangu mwanzo. Na hii ni yenu, nyinyi wa kumeza vidonge vya chunusi kavu ukiwa umeshalala kitandani: doxycycline ikikwama kwa umio inaweza kuuchoma na kuacha kidonda. Meza na glasi nzima ya maji, na ukae wima kwa muda. Sababu ni nyingi, na huwezi kuzitenganisha ukiwa umesimama kwa dirisha la kemisti.

Lakini pia tusidanganyane. Kenya iko kwenye ule ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika ambapo saratani ya umio ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2002, jarida la Lancet lilichapisha ripoti kutoka Bomet, ambako hospitali ya Tenwek imeona wagonjwa wengi wa ugonjwa huu, kuhusu vijana wanaoupata, wengine hawajafika miaka 30. Kwa hivyo ile ya "mimi bado ni kijana" haitoshi. Pombe na sigara zinachangia. Na mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto sana, kupita digrii 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Shida ni joto, si majani ya chai. Kwetu chai ikiacha kutoa moshi watu husema imekufa.

Kitu anko aliogopa zaidi ni kamera. Alikuwa amesikia ni bomba kubwa unasukumiwa ukiwa macho. Nilimpeleka mimi. Alikaa bila kula tangu usiku, wakampulizia dawa ya kufanya koo ife ganzi, akalala kwa upande wa kushoto akiuma kaplastiki, na bomba lenyewe ni kama unene wa kidole kidogo. Ilichukua kama robo saa. Kwa fomu imeandikwa OGD. Ukiona hizo herufi ujue ni hiyo tu. Doo si kidogo, tulichanga kwa grupu ya familia siku mbili. Niliwahi kujumlisha pesa ya zile chupa za asidi tangu Julai na nauli za kliniki, nikaacha katikati.

Walikuta uvimbe umebana njia. Wakachukua vipande vidogo vya kupeleka maabara, na majibu yakarudi saratani. Kama tungeenda Agosti ingekuwa tofauti kiasi gani, daktari hakusema na mimi sikuthubutu kuuliza.

Amewekewa kamrija ka waya kanakoshikilia njia wazi, na wiki ijayo tunarudi kuongea kuhusu matibabu mengine. Hakaondoi ugonjwa, ila chakula inapita. Jumapili aliomba chapo. Mathe alimkatia vipande vidogo vya ukucha, akatafuna kila kimoja hadi nikachoka kumwangalia. Chai yake ilikuwa imefunikwa na sahani pembeni, inapoa. Kaniona na simu mkononi akauliza kama narekodi. Nikamwambia hapana, nasoma tu meseji. Akasema, "Rekodi basi, hii ya leo inapita."