Nani Mshamba Hapa?

Wasee, mnamkumbuka yule simba wa Kinyana, Meru, 2021? Watu waliona kichwa cha simba kwenye ua, wakaita KWS. Askari wakafika na bunduki, kumbe ni mfuko wa supamaketi wenye picha ya simba, ndani miche ya avokado!

Hata mimi nilicheka, sikatai. Lakini mkisema "watu wa ocha ni washamba" mnaniboo. Hapo ni karibu na mbuga ya Mlima Kenya. Simba wa ukweli anaweza tokea, na ukikosea siku hiyo, hakuna kucheka. Waliona kitu, wakaita wanaojua wathibitishe.

Wewe wa Nairobi ukitumiwa picha ya nguva ameokotwa baharini, unathibitisha na nani? Unasambaza tu. Sasa mshamba ni nani?